"Ukiona zaidi, jumlisha": dhana potofu zinazowakwamisha watoto kwenye mafumbo ya hesabu

Dhana ya kwanza nimeisikia kwa wazazi, nimeisikia kwa walimu, na miaka ya nyuma hata mimi nilikuwa naifundisha: eti mtoto akipewa fumbo, yaani swali la hesabu lenye hadithi, atafute neno la siri. Akiona jumla, zaidi, ameongezewa, basi anajumlisha, akiona baki, toa, pungua, basi anatoa. Kwa maswali ya mwanzo mwanzo inakubali vizuri tu, na ndo ubaya wake, maana mtoto anaizoea kabla haijamwangusha.

Ukweli ni kwamba neno halikuambii alama, hadithi ndo inakuambia. Chukua hili: Amina alikuwa na penseli kadhaa, akapewa 3 zaidi, sasa ana 8, mwanzoni alikuwa na ngapi? Hapo kuna "akapewa", kuna "zaidi", mtoto anajumlisha 8 na 3 anakuletea 11 na uso umemng'aa kabisa. Wakati hesabu yenyewe ni ya kutoa.

Nilikaa na mtoto wa miaka 7 na swali kama hilo, akanipa 11. Sikumwambia amekosea. Nikamwekea vizibo 8 mezani nikamwambia hivi ndo penseli za Amina za sasa hivi, nionyeshe zile alizopewa. Akasogeza 3 pembeni, kimoja kimoja, akatazama vilivyobaki, akanyamaza kidogo halafu akasema "kumbe alikuwa nazo tano!" Hakuandika alama yoyote, alama tuliiweka baadaye, na safari hii alijua kwa nini ni ya kutoa.

Dhana nyingine, kuhesabu kwa vidole ni uvivu au ni utoto. Hapana jamani. Mtoto mdogo kwenye 5 na 3 anahesabu vyote kuanzia moja, baadaye anashika 5 kichwani anaendelea sita, saba, nane, na mwisho anajua tu kwamba ni 8 bila kuhesabu. Vidole ni daraja la kupita kwenye hizo hatua, ukimkataza mapema hatoruka kwenda ya mwisho, atabahatisha au ataficha mikono chini ya meza.

Kuna wanaosema pia asubiri kwanza ajue kujumlisha na kutoa ndo apewe mafumbo. Mwaka 1993 ulitoka utafiti wa Marekani wa watoto 70 wa chekechea, na wengi wao waliweza mafumbo hadi ya kuzidisha na kugawanya kwa kuigiza hadithi na vitu vya kuhesabia. Kwa hiyo hadithi inaweza kutangulia alama, haina shida.

Halafu hii ya "mtoto wangu anapata majibu haraka, ameelewa". Hapa naomba tuwe makini sana. Huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1980 watoto wa shule ya msingi waliulizwa hivi: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitoa umri kwa kuchanganya hizo namba. Sio wajinga hao, walishazoeshwa kwamba ukiona namba mbili lazima uzifanye kitu. Ndo maana mi napenda mtoto anisimulie swali kwanza bila namba, nani alikuwa na nini, kikatokea nini, tunatafuta nini, akishindwa kusimulia basi hata jibu likiwa sahihi siliamini.

Na ya mwisho, inayoniuma zaidi, akishindwa fumbo basi hesabu hana. Mara nyingi kilichomshinda ni maneno. Mwaka 1983 watoto wa darasa la kwanza Marekani walionyeshwa picha za ndege na minyoo, walipoulizwa ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, asilimia 64 ndo walipata, swali lilipogeuzwa likawa kila ndege akigombania mnyoo wake ndege wangapi watakosa, wakapata wote. Picha zilezile, namba zilezile! Kwa hiyo wako akikwama kwenye "amemzidi kwa ngapi", mpangie vizibo mistari miwili, kila kimoja kitazamane na mwenzake, halafu muulize vingapi havina mwenza.