Vidonda vya kulalia si sehemu ya uzee

Wengi Unguja na Pemba huamini kwamba mzee akilazwa siku nyingi hospitali hana budi kupata vidonda vya kulalia, kwa kuwa ngozi yake imechoka. Ni kweli kwamba ngozi ya uzeeni ni nyepesi, lakini vidonda hivi huletwa hasa na mgandamizo unaozuia damu kupita, na vingi huzuilika mgonjwa akigeuzwa mara kwa mara na kuwekwa mkavu. Ndiyo maana kuwepo au kutokuwepo kwa vidonda hivi ni kipimo kizuri cha huduma. Anayemuuguza bibi au babu, na hili si utovu wa adabu, amuulize muuguzi mgonjwa wake amegeuzwa lini. Atazame visigino, nyonga na juu ya makalio kila anapombadilisha kanga. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi apapase, na akihisi joto au ugumu pahala pamoja aseme saa hiyo hiyo.