Presha isiyo na tarehe ndo nini?

Presha ninayoizungumzia sio ile ya kufungwa mkanda mkononi pale zahanati. Ni ile hali mko kazini, kazi ipo nusu haipo nusu, hamna anayejua mwezi ujao kutakuwaje, na ubaya zaidi hamna anayejua itaisha lini. Hapo kwenye lini ndo penye dhana yenyewe.

Angalia wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti kitu, basi mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu, wanakopa unga dukani, njaa ipo lakini hamna anayechanganyikiwa maana kila mtu anajua giza linarudi lini, hadi mwenye duka anajua ndo maana anakopesha. Sasa sangara akiadimika ziwani hilo ni jambo lingine kabisa, sangara hana kalenda.

Mchumi mmoja wa Marekani, Frank Knight, alishazitenganisha hizi mbili mwaka 1921: kuna hatari unayoweza kuipigia hesabu, na kuna kutojua ambako hesabu yenyewe huna pa kuianzia. Na mwili nao unajua tofauti. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 gemu ya kompyuta, unakisia jiwe lipi lina nyoka chini yake, akitokea nyoka unapigwa shoti ya mkono. Mtu akijua kabisa shoti inakuja alikuwa na afadhali, msongo ulipanda juu kabisa pale ilipokuwa nusu kwa nusu.

Mi niliyaona haya kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, nilikuwa supavaiza wa meza moja, watu 18, wengi deiwaka. Miezi kama saba hivi tunafika getini asubuhi hatujui lori la samaki linakuja au ndo tunarudi nyumbani na nauli imeshaliwa. Bosi akaniambia waambie wavumilie, mambo yatakaa sawa. Nikawaambia, wakaitikia. Wiki ya tano dada mmoja, fundi wa kisu kuliko wote, yani akipitisha kwenye mgongo wa sangara panki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, linabaki jeupe, akaniuliza kwa upole tu, "yatakaa sawa lini kaka?" Sikuwa na jibu. Kuanzia hapo nyama ikawa inabaki kwenye mapanki, akina mama wanaokuja kuyanunua wakafurahi kweli, wao walidhani ni ukarimu.

Nikadhani ni uvivu. Kumbe jambo lenyewe Waingereza wanaliita burnout, na Shirika la Afya Duniani limeshalielezea tangu 2019, hawaliiti ugonjwa, wanasema ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa: unaishiwa nguvu, unaichukia kazi au unajitenga nayo kimoyomoyo, unaona hufanyi tena cha maana. Yule dada alikuwa nazo zote tatu.

Sasa kiongozi wa timu anafanyaje, samaki huna uwezo wa kuwaita. Unachoweza ni kukata huo muda mrefu uwe vipande ambavyo mtu anaweza kuvibeba. Mi nilikuwa kila jioni nampigia jamaa wa mapokezi kule mwaloni, samaki wanaposhushwa, halafu kabla ya saa moja usiku naandika kwenye grupu: kesho lori lipo, au halipo, au sijui, nitawaambia saa kumi na moja alfajiri. Hiyo "sijui" niliiogopa sana, niliona kama najivua cheo, lakini siku ya kwanza nilipoiandika alijibu mmoja tu, "poa, kumi na moja basi." "Sijui" yenye saa mtu anaweza kulala nayo, na akiambiwa halipo anabaki na nauli yake, anaenda kuuza nyanya Buhongwa. Ila hiyo saa kumi na moja usiikose hata mara moja, nililala siku moja tu na ilinichukua wiki mbili wakaanza kuniamini tena.

Zile semina za kutiana moyo na soda juu, kwangu mimi bora hiyo hela ingegawiwa nauli.

Yule dada hakungoja. Aliondoka mwezi wa sita wa presha ile, sa hivi ana meza yake ya samaki wa kukaanga Kirumba, na mapanki ananunua kwetu.