Nishati hupitia kwenye utando: mitokondria, kloroplasti na hatari ya DNP

Tumezoea kusema chakula "huungua" mwilini na kutupa nguvu. Kauli hiyo inaruka hatua iliyo muhimu kuliko zote.

Ndani ya mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zinazotengeneza nishati, elektroni zinazotoka kwenye sukari na mafuta hupokezanwa na protini zilizokaa katika utando wa ndani. Njiani zinapoteza nishati kidogo kidogo, na protini hizo huitumia kusukuma protoni (chembe ndogo zenye chaji chanya) upande wa pili wa utando. Wa mwisho kuzipokea elektroni hizo ni oksijeni, nayo hugeuka maji. Sianidi huzuia hatua hiyo ya mwisho, ndiyo maana mtu hufa nayo hali damu yake ina oksijeni tele.

Protoni zilizolundikana hurudi kwa kupitia kimeng'enya kiitwacho ATP sinthasi. Sehemu yake huzunguka kweli (watafiti wa Japani waliuona mzunguko huo kwa hadubini mwaka 1997), na mzunguko huo ndio unaounda ATP, molekuli inayoendesha kazi za seli.

Mwingereza Peter Mitchell alipolieleza wazo hili mwaka 1961, wengi walilipinga. Ushahidi mzito ulitoka kwenye mimea. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe waliloweka utando wa kloroplasti (sehemu ya seli ya jani inayonasa mwanga) katika asidi, kisha wakauhamishia ghafla kwenye myeyusho wa besi, gizani. ATP ikaundwa bila mwanga wowote! Tofauti ya wingi wa protoni kati ya pande mbili za utando peke yake ilitosha. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kwa hiyo jani na msuli vina mtambo wa aina moja. Tofauti ni kwamba jani huchukua elektroni zake kwenye maji, likazipandisha kwa nishati ya mwanga. Oksijeni tunayovuta ni mabaki ya maji yaliyopasuliwa hivyo.

Utando ukivuja, kila kitu huharibika. DNP, kemikali iliyouzwa miaka ya 1930 kama dawa ya kupunguza unene, huvusha protoni bila kupitia kwenye kimeng'enya. Mafuta yanatumika kweli, lakini nishati yote inakuwa joto. Mwaka 1938 Marekani ilitangaza kuwa haifai kwa binadamu, na hadi leo haina kiuasumu chake. Bado inauzwa mtandaoni. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, hata kama joto la mwili halijapanda.