"Board": ubao uliozaa bodi, kabati na bodaboda

Barua ya ufadhili wa masomo ikiandika "room and board", tafsiri ya mashine inaweza kukuletea "chumba na bodi", au mbaya zaidi, "chumba na ubao". Maana yake ni malazi na chakula. Hotelini nako, "full board" ni malazi na milo mitatu, na "half board" ni milo miwili, kwa kawaida kifungua kinywa na chakula cha jioni. Vinywaji mara nyingi huwa nje ya hesabu, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Chakula kiliingiaje humo? Katika Kiingereza cha kale, "bord" ni ubao. Ulaya ya zama za kati, nyumba nyingi hazikuwa na meza ya kudumu. Saa ya kula ikifika, mbao zililazwa juu ya viegemeo vya miti. Watu wakishashiba, zinainuliwa na kuegemezwa ukutani. Ubao ukawa ndiyo meza, kisha jina likahamia kwenye kilichopakuliwa juu yake. Aliyelipa ale na alale kwa mtu akaitwa "boarder", na ndiko ilikotoka bodingi yetu ya shule. Angalia tofauti: Kiingereza kilitazama sahani, Kiswahili kikatazama kitanda, kikasema bweni.

Sahani zikiondolewa, wakubwa walibaki pale pale mezani wakiamua mambo, na kikao kikachukua jina la meza. Ndiyo bodi ya wakurugenzi. Sisi tulifanya jambo lile lile kwa njia yetu: baraza lilikuwa pale mbele ya nyumba ya mwambao, watu wanapokaa na kuzungumza, na leo tuna Baraza la Mawaziri. Wao meza, sisi pa kukalia.

Ila usidhani kila bodi ni ya ukoo huu. Bodi ya gari imetoka "body", mwili. Kiswahili kimeyakutanisha maneno mawili yasiyo na undugu, na msomaji huyatenganisha kwa muktadha tu.

Meza hiyo hiyo imebaki pia kwenye "above board". Mcheza karata akiweka mikono juu ya meza, hana karata anayoibadilisha chini. Tafsiri yake ni "kwa uwazi", "bila hila".

Kabati nalo ni mtoto wa "cupboard", yaani ubao wa vikombe. Mwanzoni ilikuwa meza wazi ya kupangia vyombo. Milango ilikuja baadaye. Waingereza wanaandika "p" lakini hawaitamki. Ndiyo maana kabati letu halina "p": tulilipokea kwa sikio, si kwa kitabu.

Upande wa baharini mambo ni mengine. "Bord" ilikuwa pia ubavu wa chombo, na hapo ndipo penye "on board", kuwa chomboni, na "overboard", kuanguka majini. "Starboard", upande wa kulia, hauna uhusiano wowote na nyota: ni ubavu wa usukani. Kabla ya usukani kuhamia katikati ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kasia la kuongozea lilifungwa ubavuni kulia. Kushoto kuliitwa "larboard". Sasa fikiria nahodha anapiga kelele katikati ya upepo, na majina mawili yanaishia sauti moja! Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaagiza kushoto kuitwe "port". Ndege hazina ubao wala tezi, lakini zimerithi lugha ya meli, na abiria bado anapewa "boarding pass", pasi ya kupandia.

Neno hilo la ubavu walikuwa nalo pia Wafranki, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, na kwao likaingia Kifaransa kama "bord", ukingo. Kifaransa kikaunda neno la pindo, Kiingereza kikalichukua, likawa "border", mpaka. Na huko Busia, waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda wakawa wanawaita abiria: "boda, boda!" Neno likashuka kwenye baiskeli, likapanda pikipiki, likafika hadi Dodoma, ambako hakuna mpaka wa kuvuka.