Kukinasa kimeng'enya cha RNase H kabla hakijakata

RNase H hukata uzi wa RNA uliojisokota na uzi wa DNA, tena huukata upesi kuliko fuwele inavyoota. Ukitaka kuona, kwa kupiga fuwele eksirei, umbo la kimeng'enya hiki kikiwa kimeishika RNA nzima, lazima ukizuie kwanza, na namna unavyokizuia ndiyo huamua umbo hilo litakuambia nini.

Mimi huanza na kubadili asidi amino moja. Katika RNase H ya bakteria *Bacillus halodurans*, D71, E109, D132 na D192 (herufi ni aina ya asidi amino, namba ni nafasi yake) ndizo hushika metali, yaani ioni za magnesi zinazowezesha ukataji. Watafiti Nowotny, Yang na wenzao waligeuza D132 kuwa asparajini katika kazi waliyoitoa mwaka 2005. Kasoro ni kwamba umegusa mahali pale pale metali inapokaa, kwa hiyo usichukulie mpangilio wa ioni unaouona kuwa ndio wa asili.

Njia ya pili ni kukiacha kimeng'enya kama kilivyo na kutia kalisi milimola 5 badala ya magnesi. RNA hushikwa lakini haikatwi. Hapo usitumie bufa (kimiminika cha kutuliza pH) ya fosfati kabisa! Kalisi na fosfati huungana kuwa fuwele za chumvi zinazopendeza machoni. Kwenye eksirei hujifichua kwa nukta chache, kali, zilizoachana sana.

Ya tatu ni kuibadili RNA yenyewe. Kwa RNase A, kimeng'enya kingine kinachokata RNA, haidroksili ya 2′ (kundi la OH kwenye sukari ya RNA, ambalo DNA haina) ndiyo inayoishambulia fosfati, hivyo ukiweka methili juu ya oksijeni hiyo umeua mmenyuko kwenye mzizi. Kwa RNase H anayeshambulia ni maji. Haidroksili ya 2′ ni alama ya kuitambulia RNA. Methili huzuia ukataji hapa pia, lakini kwa kuharibu mshiko, jambo linalokupotosha kama mshiko ndio unaouchunguza.

Kuunganisha nyuzi: changanya RNA na DNA kwa moli sawa katika NaCl milimola 50, pasha nyuzijoto 90 kwa dakika 2, acha zipoe polepole hadi joto la chumba. Magnesi itiwe baada ya kupoa tu, kwani kwenye moto huivunja RNA bila msaada wa kimeng'enya chochote. Kisha protini moja kwa jozi 1.2 za nyuzi.

Katika ramani ya elektroni inayotokana na eksirei, ioni ya magnesi ina elektroni 10 sawa na molekuli ya maji, kwa hiyo ukubwa wa doa hausaidii. Pima umbali: magnesi hukaa karibu angstromu 2.1 kutoka kwa oksijeni sita, kalisi karibu 2.4 na majirani saba au nane.

Kabla ya kuamini lolote, chukua fuwele kadhaa, zioshe mara tatu katika matone mapya ya kimiminika cha kisima cha kuoteshea fuwele (tone la zamani limejaa RNA huru), ziyeyushe katika formamidi, uzipitishe kwenye jeli ya asilimia 20 yenye urea. Pembeni weka RNA isiyoguswa na kimeng'enya. Bendi yako ikishuka chini kuliko hiyo, fuwele ulizootesha zimebeba vipande vilivyokwisha kukatwa.