Kwa Nini Mtaji wa Wamarekani Weusi Bado ni Mdogo Miaka 160 Baada ya Utumwa?

Je, wajua kwamba nchini Marekani, ambako takriban watu 14 katika kila 100 ni weusi, kampuni zenye waajiriwa ambazo wenyewe ni weusi ni kama 3 tu katika kila 100? Biashara nyingi za weusi huendeshwa na mwenye biashara peke yake, bila hata mfanyakazi mmoja. Anayekutana na takwimu hizi kwa mara ya kwanza huwa mwepesi wa kuuliza iwapo tatizo ni elimu, au utamaduni wa biashara, au woga wa kuthubutu. Nadhani swali hilo linamwelekea asiyestahili kuulizwa. Ukiifuatilia historia ya watu hawa kwa makini, utaona kwamba walithubutu tangu wakiwa utumwani, na kwamba waliweka akiba hata pale walipokuwa na senti chache mno. Ila kila mara mali yao ilipokaribia kufikia kiasi cha kuzaa mali nyingine, ilichukuliwa, ikachomwa au ikafungiwa njia, na mara nyingi sheria yenyewe ndiyo iliyofanya hivyo.

Waswahili husema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani kabla ya mwaka 1865, hata mtaji huo haukuwa wa mtumwa. Watu karibu milioni 4 walioandikwa kuwa watumwa katika sensa ya mwaka 1860 walikuwa wao wenyewe ni mali: waliuzwa, walirithishwa, na waliwekwa rehani ili bwana apate mkopo wa kununulia ardhi au watumwa zaidi. Jambo hili la rehani halitajwi sana, nalo ni zito, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu mweusi alihesabiwa katika vitabu vya mikopo vya Marekani akiwa dhamana ya mtaji wa mwingine, miaka mingi kabla hajaruhusiwa kuomba mkopo wake.

Hata katika hali hiyo walikuwapo waliofanya biashara. Frank McWorter alizaliwa utumwani mwaka 1777. Alipokuwa Kentucky alimtumikia bwana wake, na muda uliombakia akautumia kuchimba na kusafisha shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, ambayo bei yake ilipanda wakati wa vita vya mwaka 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Faida aliyoipata ingemtosha mtu huru kununua shamba. Yeye, mwaka 1817, alimnunua mkewe Lucy kwa dola 800, na miaka miwili baadaye akajinunua mwenyewe kwa dola 800 nyingine. Alianza na mke kwa hesabu iliyo wazi: kwa sheria ya wakati ule mtoto alifuata hadhi ya mama, hivyo kila mtoto ambaye angezaliwa baada ya hapo angezaliwa huru. Mwaka 1836 alipima viwanja huko Illinois na kuanzisha mji mdogo wa New Philadelphia, akawauzia viwanja weusi na Wazungu, na fedha zilizopatikana zikaendelea kuwakomboa watoto na wajukuu waliobaki utumwani. Kwa jumla, familia hiyo ilitumia takriban dola 14,000 kuwanunua watu wapatao 16. Huyu alikuwa mchimbaji, mfanyabiashara na mwanzilishi wa mji, lakini sehemu kubwa ya mtaji wake ilikwenda kulipia kitu ambacho jirani yake Mzungu alizaliwa nacho bure.

Utumwa ulipokomeshwa, fidia ilitolewa kwa upande mmoja tu. Sheria ya Aprili 1862 iliyowaachia huru watumwa wa jiji la Washington iliwalipa wamiliki hadi dola 300 kwa kila mtu. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa katika makoloni yake, na mabaki ya deni lililotokana na malipo hayo yalimalizwa kulipwa na walipa kodi mwaka 2015. Kwetu hapa, amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897 nayo iliweka fidia kwa mabwana. Waliotumikishwa hawakulipwa popote. Kwa Wamarekani weusi kulikuwa na ahadi moja ya ardhi: Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la serikali kuu alitoa amri ya kuzigawia familia zilizoachiwa huru mashamba ya hadi ekari 40 katika ukanda wa pwani wa kusini, na watu wapatao 40,000 wakahamia na kuanza kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliagiza ardhi hiyo irudishwe kwa waliokuwa wamiliki.

Mwezi Desemba mwaka huohuo jimbo la South Carolina lilipitisha sheria iliyomtaka mtu yeyote mweusi aliyetaka kufanya kazi nyingine isipokuwa kulima au kutumikia majumbani akate leseni kwa hakimu kila mwaka: dola 100 kwa mwenye duka au mchuuzi, dola 10 kwa fundi. Ni kiasi kikubwa mno kwa mtu aliyetoka utumwani miezi michache tu iliyopita, na ndiyo iliyokuwa nia. Jeshi la serikali kuu liliitengua sheria hiyo mapema mwaka 1866, na Bunge la Marekani nalo likapitisha Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1866, iliyompa kila raia haki ya kuingia mikataba sawasawa na Mzungu. Sheria hiyo bado inatumika, ingawa kwa namna ambayo walioitunga wasingeitarajia.

Kisa kinachoniuma zaidi katika historia hii yote ni cha benki. Tarehe 3 Machi 1865 Rais Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha benki ya akiba ya walioachiwa huru, iliyojulikana kama Freedman's Savings Bank. Ilipokea amana ndogo hata ya senti 5. Wafua nguo, vibarua wa mashamba, askari wenye malimbikizo ya mishahara na makanisa walipanga foleni kwenye matawi yaliyofikia 37, na kwenye vitabu vyao vya akiba walikuta picha za Lincoln na za viongozi wengine, mambo yaliyowafanya waamini kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyowadhaminia fedha zao. Serikali haikuwa imedhamini chochote. Tena benki hiyo haikuundwa kuwakopesha waweka akiba. Fedha zao zilitakiwa kununua dhamana za serikali, kwa hiyo fundi mweusi aliyeweka akiba yake humo hakuweza kukopa hapo ili apanue karakana.

Mwaka 1870 Bunge lilibadili sheria na kuiruhusu benki kukopesha kwa rehani ya nyumba na ardhi. Waliofaidika zaidi ni wafanyabiashara wa Washington waliokuwa karibu na wadhamini wa benki. Mkuu wa kamati ya fedha ya benki hiyo, Henry Cooke, alikuwa ndugu wa Jay Cooke, ambaye kampuni yake kubwa ya fedha ilianguka Septemba 1873 na kuitikisa nchi nzima. Hapo ndipo Frederick Douglass, mtumwa wa zamani na msemaji aliyeheshimiwa kuliko wote, alipoombwa kuwa rais wa benki, Machi 1874. Alikubali kwa nia njema na hata akaikopesha dola 10,000 zake binafsi, kisha akagundua kwamba ndani hamna kitu. Mwishoni mwa Juni milango ilifungwa. Watu 61,144 walikuwa na amana humo, zenye jumla ya karibu dola milioni 3. Baadhi walilipwa sehemu ya fedha zao kidogokidogo kwa miaka mingi, na wengine hawakupata hata senti. Mahali lilipokuwa jengo la makao makuu, jirani na Wizara ya Fedha, leo kuna jengo la serikali ambalo mwaka 2016 lilipewa jina la benki hiyo.

Tuwaze maana ya hasara hiyo kwa biashara. Akiba ya miaka tisa ya kwanza ya uhuru, ambayo ingekuwa duka, nyumbu wa kulimia au kiwanja, ilipotea kwa mkupuo, na pamoja nayo ikapotea imani kwa taasisi yenyewe ambayo mfanyabiashara anaihitaji kuliko zote. Waliobaki na moyo walijenga zao. Vyama vya kuzikana na kusaidiana vilizaa bima na benki: John Merrick, kinyozi aliyezaliwa utumwani, alishirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya bima ya North Carolina Mutual mjini Durham mwaka 1898, na Maggie Lena Walker akafungua benki mjini Richmond, Virginia, mwaka 1903, akikusanya senti za wanachama wa chama chake.

Lakini mafanikio yenyewe yalikuwa hatari. Nje kidogo ya mji wa Memphis, Tennessee, kundi la weusi lilichanga hisa na kufungua duka la vyakula kwa ushirika, wakaliita People's Grocery. Mmoja wao, Thomas Moss, alisambaza barua mchana akiwa mtumishi wa posta na kushughulika na duka jioni. Ng'ambo ya pili palikuwa na duka la Mzungu ambaye hadi hapo alikuwa muuzaji wa mtaa mzima peke yake, na wateja wakaanza kumhama. Machi 1892 ugomvi wa watoto waliokuwa wakicheza gololi ulikuzwa na watu wazima hadi ukawa chanzo cha mapambano ya silaha. Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, walikamatwa, na usiku wa tarehe 9 genge la Wazungu likawatoa gerezani na kuwaua kwa risasi. Bidhaa za duka ziliporwa, na kilichobaki kikauzwa. Rafiki wa Moss, Ida B. Wells, aliandika katika gazeti lake kwamba mauaji ya namna hii yalitumika kuwaondoa weusi waliokuwa wakipata mali. Miezi miwili baadaye, akiwa safarini, ofisi ya gazeti hilo iliharibiwa. Gazeti nalo lilikuwa biashara.

Yaliyotokea Tulsa, Oklahoma, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 yanafahamika zaidi siku hizi: mitaa 35 ya kitongoji cha weusi cha Greenwood iliteketezwa na kundi la Wazungu, yakiwemo mahoteli, maduka na nyumba zaidi ya 1,000, na idadi ya waliouawa inakadiriwa kufikia 300. Kisichosemwa vya kutosha ni kilichofuata. Wenye mali walipodai bima, kampuni ziliwajibu kwamba mikataba haihusishi hasara zitokanazo na ghasia, na mahakama zikakubaliana nazo. Mtu aliyekuwa amelipa ada ya bima kwa miaka alijikuta akiwa na majivu na deni la rehani. Halmashauri ya jiji nayo ilitunga kanuni za ujenzi ambazo zingewazuia kujenga upya, na mwanasheria B. C. Franklin, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya hema, akapigana mahakamani hadi zikafutwa.

Baada ya hapo njia ilikuwa ya karatasi zaidi kuliko ya moto. Biashara ndogo, Marekani kama kwingineko, huanza kwa akiba ya mwenyewe, msaada wa ndugu, au mkopo uliowekewa nyumba kuwa dhamana. Kwa hiyo swali la nani anamiliki nyumba, na nyumba hiyo ina thamani gani, ndilo swali la nani anaweza kufungua duka. Katika miaka ya 1930 serikali kuu ilianza kudhamini mikopo ya nyumba, na wakaguzi wake waliipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu kwenye ramani kuwa maeneo hatari, bila kujali kipato cha mkaazi mmojammoja. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani ilidhamini mikopo ya nyumba, mashamba na biashara, lakini utekelezaji uliachiwa mabenki ya mahali: katika uchunguzi wa miji ya Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa, miwili tu ilikwenda kwa weusi. Baadaye barabara kuu zilipitishwa katikati ya Greenwood, katikati ya mtaa wa Hayti wa Durham na katikati ya mtaa wa Maggie Walker mjini Richmond.

Ubaguzi katika kukopesha ulipigwa marufuku mwaka 1968 kwa nyumba na mwaka 1976 kwa mikopo kwa jumla. Sheria hizo zilikataza kosa jipya bila kurudisha kilichochukuliwa, na mali ina tabia ya kurithiwa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipopima utajiri wa kaya, kaya ya Wazungu iliyo katikati ukizipanga kwa utajiri ilikuwa na dola 285,000, na ya weusi dola 44,900. Mkopeshaji wa leo anaweza kuwa mwadilifu kabisa na bado akamkatalia mwombaji mweusi, kwa kuwa fomu inauliza dhamana na historia ya mikopo, vitu ambavyo babu wa mwombaji alizuiwa kuvijenga.

Hali ni ngumu zaidi kwa biashara zinazotafuta wawekezaji. Katika mwaka 2023, kampuni changa zilizoanzishwa na weusi zilipata chini ya dola 1 katika kila dola 100 za uwekezaji wa aina hiyo nchini Marekani. Mfuko mmoja wa Atlanta, Fearless Fund, ulioanzishwa na wanawake weusi, ulijaribu kupunguza pengo hilo kwa kutoa ruzuku ya dola 20,000 kwa wanawake weusi wenye biashara ndogo. Agosti 2023 ulishtakiwa na taasisi inayopinga kuzingatia rangi katika misaada, na sheria iliyotumika kuushtaki ni ileile ya mwaka 1866 ya haki ya mikataba, kwa hoja kwamba asiye mweusi amenyimwa nafasi ya kuomba. Juni 2024 mahakama ya rufaa ilikubali hoja hiyo na kuizuia ruzuku wakati kesi ikiendelea. Mnamo Septemba pande mbili zilimaliza shauri kwa mapatano, na mpango wa ruzuku ukafungwa.