Ukimnyima mtu nyumba, mwambie siku hiyohiyo

Bwana mmoja alivuka feri kutoka Likoni akaenda kuona nyumba ya chumba na sebule huko Bombolulu. Akaipenda, akatuma shilingi 5,000 za kushikilia. Mwenye nyumba akamwambia, "Nitakupigia." Siku tisa zikapita bila simu. Naye bwana huyo alikuwa ameshatoa notisi kule alikokuwa akiishi, na mpangaji mpya wa kule ameshaleta godoro barazani. Alipokuja kwetu kutafuta ushauri alikuwa na swali moja tu: kama nyumba imepewa mwingine, mbona hakuambiwa mapema?

Malalamiko ya namna hii twayapata sana. Kumnyima mtu nyumba si kosa. Nyumba ni yako, na una haki ya kumchagua utakayeishi naye ua mmoja. Anayeumia ni yule anayeachwa akingoja, kwa sababu mtu anayetafuta nyumba huwa na tarehe ya kuhama, mizigo iliyofungwa na watoto wa kuhamisha shule. Ukishaamua, mwambie siku ileile.

Sababu nayo iwe ile unayoweza kuitamka mbele ya mtu yeyote. Kipato hakifikii kodi. Watu wanane hawatoshi chumba kimoja. Kuna aliyetangulia kukamilisha malipo. Masharti hayo yaweke kabla hujatundika kibao, na kila anayekuja muulize maswali yaleyale.

Kuna sababu ambazo sheria haizikubali. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, hali ya afya, hata mavazi. Na kifungu hichohicho kinamfunga mtu binafsi, si serikali pekee. Hata hivyo maneno haya bado yasikika mlangoni hapa Mombasa: "Watu wa bara siwapangishi." "Mwanamke asiye na mume simtaki." Wengine hawasemi wazi, humtuma ajenti aseme nyumba imejaa. Jioni yule mwombaji anapita na kukuta kibao bado kiko getini. Ameelewa. Na akitaka kulalamika, kile kibao alichokipiga picha ni ushahidi.

Huna haja ya kuandika barua ndefu. Ujumbe kama huu watosha:

"Salaam, dada. Ahsante kwa kuja kuona nyumba. Nimempa mtu aliyekamilisha malipo jana. Zile 5,000 zako nimezirudisha sasa hivi kwa M-Pesa, na picha ya kitambulisho nimeifuta."

Usimhubirie kuhusu kazi yake wala kumfundisha maisha. Usimpe matumaini pia: "labda mwezi ujao" isemwe tu pale ambapo kweli kuna chumba kitakachoachwa.

Pesa zirudi zote, kwa njia ileile zilizoingilia, ili ujumbe wa malipo ubaki kwenye simu za nyote wawili. Ikiwa ajenti alimtoza mtu pesa za kuonyeshwa nyumba ambayo wewe ulishampa mwingine, kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma, na ajenti ni wako, mwambie azirudishe.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue taarifa zile tu unazozihitaji na usikae nazo baada ya haja kwisha. Nakala ya kitambulisho, taarifa ya benki na namba ya simu ya mwajiri wa mtu uliyemkatalia hazina tena kazi kwako. Chana, futa. Mwombaji akigundua zimesambazwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Muulize na keateka, yaani mtunza nyumba, pia: mara nyingi yeye ndiye aliyetumiwa picha hizo kwanza kwa WhatsApp, na bado ziko kwenye simu yake.